Walisema Baba Ameanguka

Kila nesi anaponipaka spiriti mkononi kabla ya kunidunga sindano, mimi hugeuza uso ukutani. Manesi wa siku hizi ni watoto wazuri. Huniambia, "Pole, nyanya, haitauma," wakidhani naogopa. Nyinyi wa rika langu, ambao sasa mnapimwa sukari na presha kila mara kama mimi, mnaijua harufu yenyewe: kali, ya baridi, inaingia puani na kukataa kutoka. Wengine huwakumbusha hospitali. Mimi hunikumbusha baba yangu akiwa na shati lake jeupe la kanisani, ameketi peke yake kwenye benchi la mwisho karibu na mlango, na watu wakipita kando yake wakivuta nguo zao zisimguse.

Kabla ya hapo baba alinukia sabuni ya kipande. Alikuwa mhubiri wa kanisa letu dogo la Sabato, si mbali na soko la Kosele. Kuta zilikuwa za udongo na paa la mabati, na mvua ikianza kunyesha wahubiri wengine waliketi wakangoja iishe. Baba hakuketi. Alipandisha sauti tu, akahubiri juu ya mvua, na sisi watoto tuliamini kwamba mvua ndiyo iliyokuwa ikijaribu kumsikiliza. Watu walimwita Japuonj, yaani mwalimu, ingawa hakuwahi kushika chaki. Ijumaa, kabla jua halijatua, alikagua kila kitu: kuni zimepasuliwa, maji yamejaa mtungini, chakula cha kesho kimepikwa, miguu yetu imesuguliwa kwa jiwe. Kisha alisimama mlangoni akavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyefika nyumbani baada ya safari.

Msimu mmoja mvua ya mawe iliponda njugu zetu shambani zikiwa bado zinatoa maua. Baba akaamua kwenda Masara, upande wa Suna, ambako watu walikuwa wakichimba dhahabu kwa sururu na kuisafisha kwa karai. Alitaka kwenda na mdogo wake, Okelo. Baba mdogo Okelo alikuwa mrefu, mwenye meno meupe na kicheko cha ghafla kilichowashtua kuku. Alikuwa ameshapata mchumba. Nyanya yangu, mama yao, tuliyemwita Dani, hakutaka aende.

"Wewe nenda," alimwambia baba. "Wewe una watoto tayari. Huyu niachie."

"Nitamrudisha mwenyewe, Mama," baba akasema. "Mbele za Mungu, nitamrudisha."

Mimi nilifurahi. Niliamini dhahabu huchimbwa kama viazi vitamu, kwamba unakata udongo, unaona kitu chekundu kimelala, unakitoa na kukiweka kwenye kikapu. Nilimwomba Okelo aniletee kimoja kidogo. Aliniambia ataniletea chenye ukubwa wa kichwa changu.

Alirudi kwa lori la mahindi, amefunikwa kwa turubai. Shimo lilikuwa limebomoka kingo zake zilipolowa, Okelo akiwa chini na baba akiwa juu anavuta kamba. Wachimbaji wenzao waliogopa kukaribia. Baba aliingia akachimba kwa mikono. Aliposhuka kutoka kwenye lori niliona vidole vyake havina kucha, na mahali pa kucha palikuwa pamepakwa kitu cha zambarau. Sikulia kwa ajili ya Okelo. Nililia kwa ajili ya vidole.

Dani hakupiga mayowe kama wanawake wengine. Alikuja hadi mbele ya baba, akamtazama kuanzia miguuni hadi usoni kama mtu anayekagua ng'ombe sokoni.

"Kwa hiyo umerudi wewe," akasema.

Baba akafungua mdomo. Dani akainua mkono kumnyamazisha.

"Mungu alikosea kuchagua," akasema, mbele ya watu wote, akageuka akaenda kumwosha mwanawe. Tangu siku hiyo hakulitaja jina la baba. Akitaka kumsema alisema "yule".

Sabato iliyofuata mazishi, baba alipanda mimbarani. Watu wakangoja. Akafungua Biblia, akaifunga, akaifungua tena. Aliangalia mikono yake. Nakumbuka nzi mmoja akigonga kwenye mabati, na mama akikohoa ili kumwamsha, na baba akishuka polepole, akishikilia ukuta. Mzee Nashon, mzee wa kanisa, akasimama haraka akatoa wimbo.

Sijui ni wiki ngapi zilipita. Nilikuwa nachota maji kisimani niliposikia wanawake wawili wakinong'ona. "Japuonj ameanguka." Mwenzake akashika mdomo. "Ameangukia wapi?" "Kwa mama pima, kule nyuma ya soko."

Mama pima ni muuza pombe ya chang'aa, lakini hilo sikulijua; nilikimbia na ndoo nusu tupu. Baba alikuwa ameketi kivulini ukutani mwa jikoni. Nilimkunja suruali, goti moja, goti la pili, nikitafuta alipoumia. Goti la kushoto lilikuwa na kidonda kidogo kilichokauka, nikaridhika kwamba ndicho hicho. Nilikwenda jikoni nikachukua siagi kidogo ya ng'ombe, nikampaka. Alinukia ile harufu, lakini mimi sikuijua bado. Nilidhani ni dawa aliyopewa huko alikoanguka.

"Imepoa?" nikamuuliza.

"Bado, nyathina," akasema. Hivyo ndivyo alivyoniita, mtoto wangu. Akaangalia pembeni. "Lakini endelea kupaka."

Kwa hiyo baba alipoanguka kweli, niliona ni mwendelezo tu wa yale yale. Ilikuwa jioni, mama akipika uji. Baba aliingia akitafuta ukuta kwa mkono, mguu wake ukanasa kwenye jiwe la jiko, na chungu kikapinduka. Mdogo wangu Rispa alikuwa amekaa pale chini akicheza na kijiko. Uji ulimmwagikia mguu wote hadi vidoleni. Kilio chake hakikufanana na kilio cha mtoto. Mama alimrukia, akamnyanyua, akakimbia naye nje kwenye mtungi wa maji, na baba akabaki amelala sakafuni kwenye uji, akijaribu kuinuka na kuteleza, kuinuka na kuteleza. Mguu wa Rispa ulipopona, vidole vilikuwa vimeshikana. Hadi leo anatembea akikanyaga kwa upande.

Mama hakumpigia kelele. Alilikunja blanketi la baba, akaliweka kwenye banda la kuku. "Mlevi halali na watoto wangu," akasema. Alimpa chakula kwenye bakuli ambalo hatukulitumia sisi, akaliweka nje juu ya jiwe, akarudi ndani kabla baba hajaja kulichukua. Akichelewa, kuku waliwahi.

Kisha kanisa likakutana. Ibada ilipokwisha, Mzee Nashon aliwaomba washiriki wabaki. Watoto tulitakiwa kutoka, lakini mimi nilikuwa nimejipenyeza kwenye kanga ya mama. Baba alisimama mbele, mikono imeshikana nyuma. Mzee Nashon alizungumza muda mrefu. Alikuwa mtu safi sana. Hata nyuma ya masikio yake paling'aa. Alisema habari ya mti uliooza na shamba zima. Sikuelewa. Mwisho akasema, "Wanaokubali, wainue mikono."

Shuleni, mwalimu akiuliza nani atamsaidia mwenzake kubeba kitu, tuliinua mikono. Nilijua mikono ikiinuliwa ni jambo jema. Nikaona mikono ikipanda, benchi kwa benchi, ya wanawake aliowaombea wakijifungua, ya wanaume aliowafungisha ndoa, msitu wa mikono, na moyo wangu ukajaa. Hawa wote wanataka kumsaidia baba! Nami nikainua wangu, juu kabisa, nikisimama kwa ncha za vidole ili anione.

Mama aliushika mkono wangu akaushusha. "Wewe hujabatizwa," akaninong'oneza. "Wako hauhesabiwi."

Nililia kwa uchungu, kwa sababu nimekatazwa kumsaidia baba yangu. Na nilimwonea wivu mama, ambaye wa kwake ulikuwa juu.

Baba aliangalia mkono wa mama. Hakuangalia mwingine. Kisha alitembea kutoka mbele hadi nyuma, kupitia katikati ya benchi zote zile, akaketi karibu na mlango. Nilikuwa mkubwa, mwenye watoto wangu, nilipofahamu siku ile walikuwa wakipiga kura ya nini. Na mama, ambaye kwa miaka mingi nilimhukumu kwa mkono ule, alikuwa amebeba Rispa mgongoni aliyekuwa bado akinuka dawa ya kuungua. Simhukumu tena. Lakini kuuona mkono ule sijaacha.

Basi ndipo ikaanza ile miezi ya benchi la nyuma. Kila Sabato baba alifua shati lake mapema, kabla ya jua la Ijumaa kutua, akalivaa asubuhi, akaja. Wengine waliofutwa ushirika walihamia makanisa mengine, au walikaa nyumbani. Yeye alikuja. Meza ya Bwana ilipoandaliwa, mashemasi walimruka. Wakati wa kuoshana miguu, wawili wawili kama Yesu na wanafunzi wake, hakuna mwanamume aliyekubali kuwa mwenzake, naye alikaa na miguu yake kavu, viatu akiwa ameshavivua kwa matumaini. Watu walisalimiana mlangoni kwa kupishana mikono juu ya kichwa chake. Sabato nyingine alikuja akinukia sabuni, na Sabato nyingine akinukia chang'aa, na zile za chang'aa Mzee Nashon alituma kijana akamfungulie mlango, ili upepo uipeleke harufu nje.

Shuleni walikuwa na mchezo unaoitwa Japuonj. Mmoja alishika kipande cha mbao kama Biblia, akapepesuka, akaanguka, na wengine wakaimba, "Inuka, Japuonj! Inuka!" Akijaribu kuinuka walimsukuma. Mchezo ulipendwa sana. Niliwahi kulazimishwa niwe Biblia badala ya mbao.

Siku moja nikamuuliza, tukiwa tunapalilia mahindi, "Baba, kwani lazima uende kukaa pale? Si uende tu kwa Wakatoliki?"

Alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Kwani Wakatoliki hawana pua?"

"Lakini wanakucheka."

Akasimama, akaegemea jembe. "Mzee Nashon ameniambia nisiguse meza ya Bwana. Hajaniambia nisiombe. Siku akiniambia nisiombe, ndiyo siku nitakaa nyumbani."

"Na unaomba nini?"

"Kesho," akasema. "Naomba nipewe kesho tu. Kesho kutwa naiogopa."

Akaacha kunywa. Aliacha mahindi yakiwa magotini, na tulipovuna alikuwa bado hajaonja. Alikonda, alitetemeka, alitapika nyuma ya banda la kuku, na usiku alisaga meno hadi mbwa wakabweka. Hakuna aliyempongeza. Mama aliendelea kuliweka bakuli juu ya jiwe, ila sasa alilifunika kwa sahani, kuku wasiwahi. Mzee Nashon hatimaye akakubali abatizwe upya pamoja na wengine, mtoni Awach.

Asubuhi ya siku hiyo baba alipitia kwenye boma la Dani, ambako Okelo alizikwa. Alitaka kusimama kaburini kidogo. Dani alikuwa akifagia uwanja. Hakuinua kichwa.

"Nasikia yule anaenda kuoshwa," akasema, kama anayezungumza na ufagio. "Na huyu aliyelala hapa, ataoshwa na nani?"

Haya baba alinisimulia mwenyewe, akiwa mzee. Alisema aliondoka pale akijua njia ya mto, na miguu ikampeleka nyuma ya soko.

Alifika mtoni akiwa amechelewa, akitembea kwa uangalifu sana, kama mtu aliyebeba mayai. Wengine walikuwa wamejipanga kwenye ukingo wakiimba. Akaingia kwenye foleni. Mzee Nashon alipita akiwaangalia mmoja mmoja, na alipomfikia baba akasimama. Aliinua mkono, wimbo ukakatika.

"Pumua," akasema.

Baba akamwangalia.

"Pumua, Elisha. Usoni mwangu."

Sote tulikuwa pale: mama, mimi, Rispa mgongoni, watoto wa shule juu ya miti. Angeweza kukataa. Angeweza kuondoka. Baba akainua uso wake akapumua, pumzi ndefu, ya mwanamume mzima anayetii kama mtoto. Mzee Nashon alifumba macho, akageukia watu.

"Mmesikia wenyewe," akasema. "Huyu alitaka kuyachafua maji. Rudi nyumbani."

Mtu akacheka. Kisha wengi. Baba alianza kupanda ukingo, na udongo ulikuwa umelowa kwa miguu ya watu. Akateleza akaanguka kifudifudi, shati jeupe lote. Mtoni ng'ombe akizama kwenye matope watu kumi humkimbilia na kamba. Kwa baba hawakusogea. Juu ya miti wakaanza, "Inuka, Japuonj! Inuka!"

Nimesikia mahubiri mengi juu ya kuinuka. Wahubiri huinuka vizuri, mara moja, kwa sauti kubwa, na machozi yaliyokaushwa. Baba yangu aliinuka vibaya. Aliinuka kama ng'ombe, miguu ya nyuma kwanza, magoti matopeni, akaanguka, akashika mzizi, mzizi ukang'oka, akaanguka, akatambaa. Alipofika juu aligeuka akatuangalia. Sikuona hasira usoni mwake. Aliona aibu tu, na akaiacha ionekane. Akaenda zake.

Sabato iliyofuata nilimkuta kwenye benchi la nyuma. Shati lilikuwa na doa la udongo ambalo halikutoka.

Nakumbuka Mzee Nashon alivyosita mlangoni alipomwona. Alikuwa na hakika kwamba amemaliza kazi.

Muda mrefu ukapita baada ya hapo, mvua ndefu na mvua fupi. Baba aliacha, akarudia, akaacha. Kila alipoacha, aliacha kwa muda mrefu zaidi, hadi nikasahau harufu ile ya shati. Mtu mwingine akaigizwa kwenye michezo ya shuleni badala yake. Kisha akatutembelea mchungaji mgeni kutoka upande wa Homa Bay, mtu mfupi mwenye kikohozi. Baada ya mahubiri alimwuliza Mzee Nashon, nasi tukisikia, yule mzee aliyeachwa peke yake pale mlangoni ni nani.

"Ni mtu aliyeanguka."

"Lini?"

"Zamani."

"Na tangu zamani amekuwa akikaa hapo?"

"Hakosi," Mzee Nashon akasema, kama anayetoa mashtaka.

Mchungaji alikohoa kwa muda. "Basi mimi nina watu wengi kule kwangu ambao hawajaanguka," akasema, "na siwaoni."

Alasiri hiyo hiyo tulikwenda mtoni, watu wachache tu. Mama alibaki nyumbani. "Nitaamini nikiona," alisema, na nilipomwambia aje aone basi, alijifanya anamfunga Rispa nywele. Baba aliingia majini na nguo zake za kila siku. Mchungaji alimzamisha, akamtoa, na hapakuwa na mwanga wala njiwa, bali mwanamume aliyekonda akitema maji. Upepo ulikuwa umeanza. Wengine waliobatizwa hapo walikuwa na mtu wao wa kuwangoja na shuka kavu. Baba alisimama ukingoni akitiririka, akitetemeka hadi taya likagonga, na mimi nilikuwa na gauni moja tu mwilini.

Ndipo nikamwona Dani. Alikuwa amesimama mbali, nyuma ya vichaka, ameegemea fimbo. Sikujua alikuja saa ngapi wala nani alimwambia. Alishuka polepole. Watu wakampisha. Alisimama mbele ya baba, akamtazama kuanzia miguuni hadi usoni.

Alifungua shuka lililokuwa mabegani mwake, la pekee alilokuwa nalo, akamtupia kifuani.

"Jifunike," akasema. "Sijakusamehe."

Baba alilishika kwa mikono miwili bila kulifungua.

"Nimesema jifunike, Elisha. Mimi sizuii mtu kufa, lakini sitazika mwingine kwa baridi."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina lake tangu lori la mahindi. Baba akajifunika hadi kichwani. Nilisikia akilia ndani ya shuka, sauti nene, isiyo na mpangilio, na Dani akageuka akaanza kupanda ukingo kwa fimbo yake. Alipofika kwenye utelezi alisimama. Hakumwangalia. Alinyoosha mkono nyuma tu, kwa ukali, kama mtu anayedai kitu chake, akangoja mpaka baba alipokuja akaushika.